Manyoya Yanapoanguka: Tumsaidieje Ndege Wetu wa Nyumbani?



Mwezi wa tisa, Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, mwanafunzi mmoja wa darasa la pili aliingia darasani na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na manyoya 17 ya kijani. Alikuwa ameyahesabu mwenyewe.

"Shikamoo mwalimu. Mwalimu, ndege wangu anavunjika."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anatafuta neno na hakulipata, akachukua lile lililokuwa karibu. Neno alilolitaka ni *kunyonyoka*. Nywele hunyonyoka, na manyoya ya ndege nayo hunyonyoka.

Kisha akatuonyesha kidole chake, kina alama ya kuumwa. Familia yake ilikuwa Unguja wiki tano, ndege akaachwa kwa jirani. Waliporudi Maskati, ndege aliyezoea kukaa begani mwake akawa hataki mkono. Akisogelewa, anauma. Na baba yake alikwisha sema: ndege huyu akiendelea hivi, tutampa mtu mwingine.

Bahasha ile ndiyo iliyoleta makala haya. Nyumba nyingi za wanafunzi wetu zina ndege, na kila mwaka tunasikia habari kama hii: manyoya yamejaa sakafuni, ndege amekuwa mkali, mtoto analia, mzazi amechoka. Mara nyingi ndege huyo hana ugonjwa wala chuki. Yumo katika kazi ngumu, na anahitaji msaada wa aina yake.

Ndege huyu ametoka wapi?

Ndege wa mwanafunzi wetu ni kasuku mdogo wa Fischer: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Urefu wake ni kama sentimita 15 tu. Ukimwona dukani hapa Maskati usidhani ni mgeni kwetu. Kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria na kwenye nyika za Serengeti.

Jina lake linatokana na Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyefika Unguja mwaka 1876 na kufanya kazi ya udaktari huko. Fischer alifariki mwaka 1886. Mwaka uliofuata mtaalamu wa ndege Anton Reichenow alimwandika kasuku huyu katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la daktari. Katika miaka ya 1980 walikamatwa porini kwa wingi mno na kupelekwa nchi za nje, hadi ikabidi biashara hiyo izuiwe. Wanaofugwa siku hizi kwa kawaida wamezaliwa kwenye matundu ya wafugaji.

Nyumba nyingine zina kasuku mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita Kongo, hadi Uganda. Waarabu wa Ghuba humwita *kasko*. Sikiliza vizuri, jina hilo linakaribiana sana na letu. Kasuku huyu analindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na tangu mwezi wa kwanza mwaka 2017 amewekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Kwa hiyo mzazi, usimnunue bila karatasi zake, wala usifikirie kumbeba kwenye ndege kwenda naye likizo.

Mengi tutakayoyasema hapa chini yanawahusu wote wawili, na hata wale kasuku wadogo wa Australia wenye mistari kichwani.

Kwa nini manyoya yanaanguka?

Watoto, tazameni kucha zenu. Ukucha ukivunjika, unaota tena. Nywele zikikatwa, zinakua. Unyoya umetengenezwa kwa kitu cha namna hiyohiyo, kinachoitwa keratini, lakini una tofauti moja kubwa. Ukishakua na kukamilika, unyoya unakuwa umekufa. Haujitengenezi. Jua linaufifisha, nyaya za tundu zinausugua, ncha zake zinachakaa. Dawa yake ni moja tu: utoke, uje mwingine.

Kila unyoya umeota kwenye kishimo kidogo cha ngozi. Wakati ukifika, unyoya mpya huanza kuota chini na kuusukuma ule wa zamani mpaka uanguke. Unyoya mpya hutoka umefungwa ndani ya ala nyembamba, kama kisu kilichomo alani, na ukiutazama utadhani ni mwiba au ncha ya sindano. Ndani yake mna damu, kwa sababu unalishwa ukue. Ukishakomaa, damu hurudi nyuma, ala hukauka na kupasuka, na unyoya hufunguka. Vile vipande vyeupe kama mba mnavyoviona chini ya tundu ni mabaki ya ala hizo.

Sasa tazameni hekima ya mpango wenyewe. Manyoya makubwa ya mbawa hayaanguki yote pamoja. Linaanguka moja upande wa kulia, na mwenzake upande wa kushoto, halafu yanasubiriwa yaote kabla ya mengine kufuata. Hivyo ndege hubaki na mizani yake, na porini angeweza bado kuruka na kumkimbia mwewe. Ndiyo maana ndege mzima anayenyonyoka huonekana amechakaa, lakini haonekani na upara. Jambo hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Wengi hunyonyoka mara moja au mbili kwa mwaka, kwa wiki kadhaa. Kasuku wa kijivu huenda polepole zaidi, kidogo kidogo kwa muda mrefu. Wale wadogo wa Australia huanza wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne, na mistari ya kwenye paji la uso ikapotea. Mzazi akiona hivyo hudhani amebadilishiwa ndege!

Kwa nini anakuwa mkali?

Kwanza, anaumia. Fikiria una miiba midogo mwili mzima, kila mmoja umekaa ndani ya ngozi laini, halafu mtu anakuja kukupapasa kwa mapenzi. Hata kama ni mama yako utamwambia, "Mama, niache kidogo." Ndege hana maneno hayo. Ana mdomo.

Pili, amechoka. Kwa ndege wengi, manyoya yote yakipimwa pamoja huwa mazito kuliko mifupa yao. Kuyatengeneza upya ni kazi ya mwili mzima. Ndiyo sababu analala sana mchana na kupunguza kelele.

Tatu, huenda kuna jambo jingine limebadilika. Ndege wa mwanafunzi wetu alihamishwa nyumba, akapewa chakula kingine, akaishi na sauti za watu wengine kwa wiki tano, na hayo yote yalimkuta wakati ananyonyoka. Tukiwa waadilifu tutasema kwamba alikuwa na haki ya kununa.

Mambo ya nyumbani kwetu Maskati

*Mwanga na usingizi.* Ndege hupima majira kwa urefu wa mchana. Hapa Maskati mchana wa mwezi wa sita hufika kama saa 13 na nusu, na wa mwezi wa kumi na mbili hupungua hadi karibu saa 10 na dakika 40. Unguja, iliyo karibu na ikweta, tofauti hiyo haifiki hata saa moja. Lakini ndege wa sebuleni haoni jua. Anaona taa zetu. Sisi wageni wetu huja saa nne za usiku, na mwezi wa Ramadhani taa hazizimwi hadi daku. Ndege wa namna hiyo hupoteza hesabu, akawa ananyonyoka ovyo ovyo mwaka mzima. Mpe usiku wa saa 10 hadi 12: tundu kwenye chumba kitulivu, limefunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

*Kiyoyozi.* Baridi ya kiyoyozi ikimpiga moja kwa moja, na ngozi yake ina manyoya pungufu, atatetemeka. Hewa kavu nayo huzidisha mwasho na kuzifanya ala ziwe ngumu kupasuka. Weka tundu mbali na mkondo wa hewa. Lakini msimtoe nje barazani mkidhani mnamwonea huruma. Jua la Maskati kiangazi, joto likipita digrii 40, linaweza kumuua ndege kwa muda mfupi.

*Maji.* Hili ndilo analolipenda kuliko yote. Mwekee bakuli pana lenye maji kidogo, kina kisichozidi vidole viwili, ajiogeshe mwenyewe. Akiogopa, tumia chupa ya kunyunyizia, maji yawe ya uvuguvugu, umnyunyizie kwa juu kama manyunyu ya mvua, si usoni. Mara tatu au nne kwa wiki zinatosha, na iwe asubuhi ili akauke kabla ya usiku. Maji hulainisha ala na kutuliza mwasho. Usitie sabuni wala mafuta.

*Moshi.* Wazazi, hapa nawasihi. Nyumba zetu hazikosi udi, ubani na bakhuri. Lakini ndege anavuta hewa kwa namna isiyo yetu: ikitoka mapafuni hupitia pia kwenye mifuko ya hewa iliyoenea mwilini mwake, na chochote kilichomo hewani humwingia haraka. Kabla ya kuwasha chetezo, mhamishe ndege chumba kingine na ufunge mlango. Vikaango visivyogandisha ni hatari zaidi. Kikiachwa jikoni kikapata moto kupita kiasi, hutoa mvuke ambao sisi hatuusikii, na ndege anaweza kufa papo hapo.

*Chakula.* Unyoya ni protini karibu tupu, kwa hiyo mbegu peke yake hazitoshi. Mara mbili tatu kwa wiki mpe yai la kuchemsha lililopondwa: kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa ndege mdogo, kijiko kizima kwa kasuku wa kijivu. Ongeza mboga: karoti ya kuparuza, boga, viazi vitamu vilivyopikwa, mchicha kidogo. Mbegu za alizeti ziwe chache, maana ni mafuta mengi. Kwa chokaa ya mwili, mpe mfupa wa ngisi. Watoto huuokota ufukweni Qurum au Seeb: ule mweupe, mwepesi, kama mtumbwi mdogo. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, uuchemshe, uuanike mpaka ukauke kabisa, ndipo uufunge kwenye tundu.

Msimpe parachichi hata kidogo. Kwake ni sumu. Vivyo hivyo chokoleti, kahawa, chai, kitunguu na vyakula vya chumvi. Wageni hupenda kumwonjesha kasuku halwa na kahawa ili wacheke. Mtoto una ruhusa ya kusema kwa adabu: "Samahani ami, ndege wetu hali hivyo."

Mkono urudi vipi?

Sasa tuje kwenye kidole kilichoumwa. Mwanafunzi wetu alifikiri akimshika zaidi, ndege atamkumbuka. Mambo ni kinyume. Wakati wa kunyonyoka, anayempenda ndege humgusa kidogo. Tulimpa mpango huu, na yeyote anaweza kuufuata.

Wiki ya kwanza, usiingize mkono tunduni ila kwa chakula, maji na usafi. Kaa karibu na tundu dakika kumi kila siku. Soma kitabu chako cha Kiswahili kwa sauti. Ndege anazoea sauti yako, na wewe unapata mazoezi ya kusoma. Kila mmoja ana faida yake.

Wiki ya pili, mpe kishuke cha ulezi kupitia nyaya. Usimfuate nacho. Kishike tu, umsubiri. Asipokuja leo, kesho atakuja.

Wiki ya tatu, fungua mlango na uweke mkono mlangoni, ulezi ukiwa kiganjani. Mkono usicheze. Akija akala akaondoka, hayo ni mafanikio makubwa. Usidai zaidi siku hiyo.

Baada ya hapo, weka kidole mbele ya miguu yake, juu kidogo ya kijiti alichosimamia, useme neno moja tu: "Panda." Akipanda, msifu na umpe mbegu. Akitaka kushuka, sema "Shuka" na umwachie. Watu wote wa nyumbani watumie maneno hayohayo. Baba akisema Kiarabu, dada Kiingereza na wewe Kiswahili, ndege atachanganyikiwa. Mkubaliane lugha moja, na sisi waalimu tunawaomba iwe hii yetu.

Jifunze pia kumsoma. Manyoya ya mwili yamembana, shingo ameinyoosha, anarudi nyuma: anaogopa. Mdomo wazi, kichwa chini, anayumba mbele: atauma. Ukiona hivyo, ondoka polepole. Akikuuma, usipige kelele wala usimpige. Mrudishe mahali pake kimya, ujiulize ni ishara gani hukuiona.

Akikubali, na akishakuzoea, unaweza kumsaidia kichwani, mahali ambapo mdomo wake haufiki. Porini mwenzake humfanyia kazi hiyo. Ala zilizokwisha kukauka na kuwa nyeupe unaweza kuzisugua kwa ncha ya kidole zikapukutika. Zile nyeusi au zenye rangi ya damu usiziguse.

Na likitokea jambo la kulazimu kumshika, kwa mfano kumpeleka kwa daktari, afanye mtu mzima kwa taulo nyepesi. Usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kifua, na akibanwa hapo anakosa hewa hata kama pua na mdomo viko wazi.

Lini twende kwa daktari wa wanyama?

Nilisema ndege anayenyonyoka haonekani na upara. Basi upara ukionekana, kifuani au chini ya mbawa, hiyo ni habari nyingine. Huenda ana wadudu, ugonjwa, au anajinyonyoa mwenyewe kwa upweke na wasiwasi, jambo linalowapata sana kasuku wa kijivu. Kichwa kikiwa na manyoya mazuri na mwili umebaki wazi, jua kwamba anajinyonyoa, maana kichwa chake hakifikii.

Mpelekeni pia mkiona haya:

- manyoya mapya yanatoka yamepinda au yamebanwa katikati;
- amejikunyata chini ya tundu, manyoya yamemsimama, macho nusu wazi;
- mkia unapanda na kushuka kila anapopumua;
- kinyesi kimebadilika kwa zaidi ya siku moja;
- hali chakula. Ndege mdogo asiyekula nusu siku yuko hatarini. Msingoje wiki iishe.

Njia nzuri ya kujua mapema ni mizani ya jikoni. Mpimeni kila asubuhi kabla ya kula. Ndege wa Fischer huwa karibu gramu 50. Akipungua gramu 5, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na si jambo dogo.

Unyoya mchanga ukivunjika na kutoa damu, mtu mzima abonyeze pale kwa kitambaa safi pamoja na kornflawa kidogo, kwa dakika chache. Damu isipokoma, daktari saa hiyohiyo. Ndege mdogo ana damu kidogo sana.

Na wazazi, mkipanga safari ya kiangazi, mwachieni jirani karatasi: anakula nini, analala saa ngapi, neno lake la kupanda ni lipi. Tundu na chakula chake cha kawaida viende pamoja naye. Ikiwezekana, anze kwenda siku mbili tatu kabla hamjaondoka.

Na yule wa bahasha?

Wiki saba zimepita. Mwanafunzi wetu alikuja Jumamosi iliyopita bila bahasha. Ndege bado hakai begani. Ila amepanda kidoleni mara mbili, na mara ya pili alikaa mpaka ulezi ukaisha. Mgongo wake umekuwa kijani kibichi, unang'aa. Baba hajasema tena kuhusu kumtoa. Na tulipomwuliza darasani ndege wake alikuwa na nini, alijibu bila kusita: "Alikuwa ananyonyoka, mwalimu."

Maneno ya wiki hii

*Unyoya, manyoya*: moja, mengi. *Ubawa, mbawa*: kiungo cha kurukia. *Kunyonyoka*: manyoya au nywele kutoka zenyewe. *Kunyonyoa*: kuyatoa. Mpishi humnyonyoa kuku. *Ala*: kifuko cha kisu, na hapa kifuko cha unyoya mchanga. *Tundu*: nyumba ya ndege, pia shimo dogo. *Kujikunyata*: kujikunja kwa baridi au ugonjwa.

Kazi ya nyumbani

Nendeni na wazazi kwenye bustani ya Qurum, au chini ya mitende yoyote wanapokaa wale kasuku wa kijani wenye mkia mrefu wanaoruka Maskati kwa makelele. Tafuteni manyoya yaliyoanguka. Angalieni kama ncha zimechakaa. Tazameni pia yupi ana pete shingoni: huyo ni dume mzima, na pete hiyo hakuzaliwa nayo, imemjia alipobadilisha manyoya. Kisha andikeni sentensi tano kwa Kiswahili. Unyoya mtakaouleta darasani uoneshwe mzazi kwanza, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.